Nambari zilizofuatana na kompyuta isiyoaminika

Durban

Jumanne ya tarehe 1 Desemba mwaka 2020, wacheza bahati nasibu ya PowerBall mjini Durban na kwingineko Afrika Kusini walishangaa kuona nambari zilizoshinda ni 5, 6, 7, 8 na 9, na ile ya ziada ni 10. Watu 20 waligawana randi milioni 114. Walioshindwa walipiga kelele kwamba ni wizi, na tume ya taifa ya bahati nasibu ikatangaza uchunguzi.

Hasira yao inaeleweka, lakini hesabu haikuwa upande wao. Mchezaji alichagua nambari tano kati ya 50 na moja kati ya 20. Kila mchanganyiko, uwe umefuatana au umetawanyika, ulikuwa na nafasi moja tu katika 42,375,200.

Marekani yalitokea ya kinyume. Eddie Tipton, aliyesimamia usalama wa kompyuta katika shirika la bahati nasibu la majimbo kadhaa huko Iowa, alipachika mistari ya siri kwenye programu ya kuchagua nambari. Karibu mwaka mzima programu ilitenda haki. Siku tatu tu za mwaka, masharti fulani yakitimia, ilitoa nambari alizoweza kuzikisia mapema. Wakaguzi walikuwa wameipitisha, maana nambari walizozipima zilikuwa safi. Agosti 2017 Tipton alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25.

Kumbe kuyatazama matokeo peke yake hakutoshi. Inabidi kuisoma programu yenyewe na kuithibitisha kwa hoja za hisabati. Mmarekani Dexter Kozen alichapisha misingi ya kazi hiyo mwaka 1981, na mwaka 2005 Annabelle McIver na Carroll Morgan wa Sydney, Australia, wakaitolea kitabu kizima. Kwao swali si tena kama programu itafika inakotakiwa, ndiyo au hapana, bali ni kwa uwezekano gani. Jibu hukokotolewa kuanzia mstari wa mwisho kurudi nyuma hadi wa kwanza.

Tuchukue vijana wawili wanaolinda magari Durban, kazi ya Wakongo wengi huko, wakigombea upande wenye kivuli. Wana sarafu ya randi 5, nembo upande mmoja na nyumbu upande wa pili, ila imepinda: nembo hutokea mara saba katika kumi. Mwaka 1951 John von Neumann alitoa dawa yake. Irusheni mara mbili. Nembo kisha nyumbu, ashinde wa kwanza, nyumbu kisha nembo, ashinde wa pili, zikifanana, rudieni.

Nafasi ya wa kwanza ni 0.7 mara 0.3, yaani 0.21. Ya wa pili ni 0.3 mara 0.7, nayo 0.21. Haki imepatikana kwa sarafu mbovu! Je, hawataweza kurusha hadi usiku? Uwezekano wa kurudia ni 0.58 kila raundi, na baada ya raundi kumi unakuwa chini ya nusu ya asilimia moja. Uwezekano wa kutomaliza kabisa ni sifuri.

Hoja hiyo ina sharti: sarafu isibadilike kati ya mrusho mmoja na mwingine. Hapo ndipo mistari ya Tipton, iliyochungulia kalenda kwanza, ingemkwamisha msomaji makini, mradi tu programu anayoisoma iwe ndiyo ile ile iliyomo ndani ya mashine.