Ndimu Haitoi Sumu ya Jodari

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. "Nimenunua jodari jana jioni, usiku stima ikapotea, na leo nataka kumpika wa kupaka kwa rojo la ukwaju. Nikimroweka kwenye ndimu na chumvi saa nzima, si atakuwa salama?" Wapo wanaotaka hesabu kabisa: ndimu tatu zatosha, au nitie tano? Nimeulizwa Likoni, nimeulizwa Kisauni, nimeulizwa Mikindani, na juzi nimeulizwa na mama ambaye watoto wake walikuwa wamekwisha kula. Basi jibu naliandika hapa ili lisomwe kabla ya kula. Hapana. Si tatu, si tano, si kikapu kizima.

Na pishi lenyewe sina ugomvi hata kidogo. Kipande cha jodari kinaiva kwa dakika zisizofika kumi, rojo la ukwaju na sukari guru linashika juu yake likang'aa, wali uko tayari, na aliyetoka kazini Changamwe saa kumi na mbili anakula saa moja. Hicho ndicho chakula cha usiku ninachompendekezea kila mtu mwenye haraka. Shida iko kwingine: samaki tunaowapenda kwa pishi hili, yaani jodari, sehewa, nguru na vibua, ndio hasa wenye hatari ninayoizungumzia, na rojo tamu, chachu na lenye pilipili ndilo linalofunika dalili ambayo ulimi ungeweza kuishika.

Imani ya ndimu ina nguvu kwa sababu ndimu kweli inafanya jambo, na pua inashuhudia. Samaki wa baharini ana kemikali katika nyama yake inayomwezesha kuhimili chumvi ya maji. Akishakufa, bakteria huigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya shombo. Ukikamulia asidi, trimethilamini inageuka kuwa chumvi isiyoruka hewani, hivyo pua haiipati tena. Haijatoka, imebaki pale pale kwenye nyama. Siki inafanya vivyo hivyo, ukwaju vivyo hivyo. Mpishi ananusa, anakuta shombo limekatika, anasema samaki amesafika. Kilichokatika ni harufu tu. Samaki bado ana umri wake na saa zake alizokaa juani.

Sasa sumu yenyewe. Nyama ya jodari na jamaa zake ina histidini nyingi. Samaki akifa na kubaki na joto, bakteria wanaotoka kwenye mashavu na matumbo yake huibadilisha histidini hiyo kuwa histamini. Histamini haina harufu. Haina rangi. Haimtii samaki macho ya ukungu wala haififishi wekundu wa mashavu. Vipimo vyote tulivyofunzwa na mama zetu, vya kubonyeza nyama kwa kidole na kutazama macho, ni vizuri kwa kumkamata samaki aliyeoza, lakini jodari anaweza kuvipita vyote na bado akawa na histamini ya kukulaza. Kwa hiyo anayeuliza namna ya kuondoa shombo ili samaki awe salama ameunganisha mambo mawili yasiyohusiana.

"Lakini asidi inaua." Nimelisikia hili mpaka nimechoka. Asidi inaweza kudhoofisha baadhi ya bakteria walio juu ya nyama, milimita chache tu, wala haifiki katikati ya kipande kinene. Tuseme hata ingewaua wote: histamini waliyokwisha kuitengeneza inabaki. Na anayeamini kwamba asidi ya ndimu inaivunja histamini afikirie tumbo lake mwenyewe. Tumbo tupu la binadamu lina asidi kali kuliko maji ya ndimu. Kama asidi ingeimaliza histamini, basi hakuna mtu duniani angeumwa kwa kula jodari.

Wapwani tunalijua jambo hili tukitajiwa bunju. Hakuna mvuvi wa Mtongwe atakayekwambia umkamulie bunju ndimu halafu ule. Tunajua sumu yake haiishi kwa moto wala kwa uchachu, tunamtupa. Kwa jodari tunasahau, kwa sababu ni samaki mzuri, ni ghali, na jana alikuwa salama.

Ngome ya pili ya imani hii ni moto. "Nitamkaanga mpaka akauke." Viwanda vya samaki wa makopo hupika kopo likiwa limefungwa, kwa joto la nyuzi 121, na bado jodari wa kopo amewahi kuwalaza watu kwa histamini, kwa sababu alikuwa ameharibika kabla ya kuingia koponi. Kikaango chako hakifikishi nyama ya ndani hata nyuzi mia maadamu ina unyevu. Moto unaua bakteria, histamini hauigusi. Kugandisha hakuiondoi. Kukausha kwa moshi hakuiondoi. Kumsugua kwa unga wa ngano, kumroweka kwenye maji ya mchele, kumpaka tangawizi na bizari, yote hayo ni usafi na ladha, na ni mambo mazuri kwa samaki mzima. Kwa samaki aliyeharibika hayafanyi kitu.

Halafu huja wale wa maziwa. Mtu amekula, uso umemwiva wekundu na unawaka, kichwa kinagonga, mwili unamwasha, moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota, na jirani anakuja na pakiti ya maziwa kwamba "yanakata sumu". Maziwa hayakati histamini. Yanachofanya ni kumpa mgonjwa wa kutapika kitu cha kutapika, na kuwapa watu wa nyumba matumaini yanayowachelewesha. Dalili hizi huanza mapema, mara nyingi kati ya dakika kumi na saa moja au mbili baada ya kula, na kwa wengi huisha zenyewe baada ya saa kadhaa. Dawa yake inajulikana na inapatikana: zile za kupunguza mzio, ambazo mfamasia atakupa kulingana na umri na hali yako. Mgonjwa akibanwa pumzi, akizimia, akiwa na pumu au ugonjwa wa moyo, usingoje. Wa Likoni waende hospitali ya kaunti ndogo pale pale Likoni badala ya kupanga foleni ya feri. Wa Changamwe wana hospitali ya Port Reitz.

Na hapa kuna dhuluma nyingine inayotokana na kutojua. Kwa kuwa dalili zinafanana na mzio, mtu huambiwa ana mzio wa samaki, naye akaacha kula samaki maisha yake yote, katika mji wa bahari, ambamo samaki ndiye kitoweo. Jiulize: je, uliwahi kula jodari kabla ya hapo bila shida? Je, waliokula sahani ile ile waliumwa pia? Ikiwa jibu ni ndiyo mara mbili, mweleze daktari hivyo hivyo kabla hajakuandikia kwamba una mzio. Huenda aliyekuwa na kasoro ni yule samaki mmoja.

Tatizo letu liko kwenye saa na joto. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaweka mpaka wa usalama kuwa miligramu 200 za histamini kwa kila kilo ya samaki, na jodari aliye ndani ya barafu tangu alipotolewa majini hukaa chini sana ya hapo. Asiye na barafu ni habari nyingine. Miongozo ya Marekani kwa wavuvi inasema palipo na joto la zaidi ya nyuzi 28, na sisi hapo ndipo tulipo sehemu kubwa ya mwaka, samaki wa aina hii awe ndani ya barafu kabla ya saa sita kupita tangu afe. Sasa fuata safari ya jodari wetu. Amenaswa usiku, amelala sakafuni mwa mashua akiwa amefunikwa gunia la maji, amefika ufukweni asubuhi, amepimwa, amebishaniwa bei, amepakiwa kwenye bodaboda hadi sokoni Kongowea, amelazwa juu ya meza. Wewe unamkuta saa kumi jioni. Unamtia kwenye mfuko wa kitambaa, maana ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, unapanda matatu, au unasimama kwenye foleni ya feri umebanwa na watu, na ukifika nyumbani unamwacha kwenye karai huku ukivua viatu na kupokea simu. Saa zote hizo zinahesabiwa, na ndimu hairudishi hata moja.

Simlaumu mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, kwa hili. Yeye hupata samaki baada ya matajiri kuchagua, mtaji wake ni wa siku ile, na barafu ni gharama inayomlia faida. Wala simlaumu mvuvi mwenye mashua ndogo. Nawalaumu wale wanaojiita wataalamu wa lishe na kuwafundisha watu kwenye redio kwamba ndimu "inasafisha sumu zote". Wanajua wanasikilizwa, na hawajajisumbua kuuliza.

Haya, pishi, kwa haraka. Ukiwa na hakika ya barafu, nunua jodari au nguru. Usipokuwa na hakika, nunua changu, tafi au tewa: nyama yao haina histidini ya kiasi hicho, wakiharibika wananuka na utajua. Beba chupa ya maji iliyogandishwa kutoka nyumbani, ilaze pamoja na samaki ndani ya mfuko. Ukifika, friji kwanza, viatu baadaye. Mpike siku ile ile. Stima ikipotea usiku kucha na friji ikapoteza ubaridi, jodari huyo mtupe, hata kama inauma.

Kwa watu wanne, vipande vya robo tatu ya kilo, unene wa vidole viwili. Vikaushe kwa kitambaa safi, maana samaki mwenye maji hakaangiki, anachemka. Chumvi, pilipili manga, basi. Ukitaka kumtia ndimu, dakika kumi na tano zinatosha. Ukizidisha, asidi inaikaza nyama ya juu ikawa nyeupe na ya kumeguka kabla haijaona moto. Kando, chemsha vijiko vitatu vya ukwaju mzito uliokamuliwa, vijiko viwili vya sukari guru au asali, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, mpaka rojo lishike mgongo wa kijiko. Anayependa la kipwani zaidi aongeze tui zito vijiko vitatu. Kikaango kipate moto sawasawa, mafuta kidogo, dakika tatu kila upande. Rojo lipakwe dakika mbili za mwisho tu, kwa moto mdogo. Likitangulia, sukari inaungua na kuwa chungu huku samaki akiwa mbichi ndani. Wa jiko la makaa, kanuni ni hiyo hiyo: choma kwanza, paka mwishoni, geuza, paka tena. Sima au wali wa nazi. Ndimu iliyobaki ikatwe, iwekwe mezani, kila mtu ajikamulie.

Kabla ya kupaka rojo, vunja kipembe kidogo cha samaki aliyeiva, uonje. Nyama ikiwa na vitundu vitundu kama sega la nyuki, au ikikuwasha ulimi mahali ambapo pilipili haijafika, zima jiko. Asiliwe na mtu, wala paka asipewe. Lakini nyama tamu isiyowasha isikutoe hofu kabisa, kwa kuwa kipande kimoja kinaweza kuwa na histamini kidogo na jirani yake wa samaki yule yule akawa nayo tele.

Hivyo ukisimama mbele ya meza ya samaki Kongowea au pale Likoni, kabla hujauliza bei, uliza alivuliwa lini na barafu aliiona saa ngapi. Muuzaji akishindwa kukujibu, nunua changu.