Vidonge vya Glukosamini Havioteshi Gegedu

Glukosamini ni sukari yenye naitrojeni ambayo seli za gegedu hujitengenezea kutokana na glukosi. Kwayo hujengwa minyororo inayonasa maji na kulipa gegedu uwezo wa kubeba uzito. Ukweli huo umezaa swali lisilokwisha kwenye maduka ya dawa: je, vidonge vyake vitarudisha gegedu lililolika? Havirudishi.

Dozi ya kawaida, miligramu 1500 kwa siku, hufikisha katika damu takriban mikromoli 10 tu kwa lita, tena ikiwa kileleni. Glukosi katika damu hiyohiyo ni takriban mikromoli 5000. Seli yenye malighafi kiasi hicho haina njaa ya kidonge.

Majaribio ya maabara yanayotajwa na wauzaji ni ya kweli, ila hayathibitishi wanachodai. Seli za gegedu zilizolowekwa katika glukosamini nyingi mara mia au zaidi ya ile ya damuni zilipunguza vimeng'enya vinavyolila gegedu. Seli zinazojenga mfupa nazo zilichangamka. Lakini kwa viwango vikubwa namna hiyo, utengenezaji wa minyororo ile ile inayotakiwa pia umeonekana kupungua. Hakuna mmezaji anayefikia viwango hivyo.

Hoja ya “mbona shangazi alipona?” ina jibu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulihusisha wagonjwa 1583 wa magoti kwa wiki 24. Waliopata nafuu kwa glukosamini walikuwa asilimia 64. Kwa vidonge visivyo na dawa yoyote, asilimia 60. Kitakwimu, hiyo si tofauti. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe. Dawa hununuliwa yakipanda, na husifiwa yakishuka.

Maji ya bamia, ambayo wengine huyanywa wakitumaini kuongeza ute wa goti, hayafiki huko. Ute wake huishia kuchachushwa na bakteria wa utumbo mpana. Ute wa goti hutengenezwa na utando wa goti lenyewe. Supu ya kongoro, inayosifiwa vivyo hivyo, ni chakula kizuri, basi.

Yanayosaidia yanajulikana: mazoezi ya misuli ya paja, kupunguza uzito uliozidi, mkongojo upande wa goti zima, jeli ya diklofenaki, vidonge vya maumivu kwa ushauri wa daktari, hasa kwa wenye figo dhaifu, vidonda vya tumbo au shinikizo la damu, na goti likishindwa kabisa, upasuaji wa kuweka goti bandia. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse glukosamini bila kumwarifu daktari, kwa kuwa damu inaweza kuvuja kupita kiasi.