Sukari ya mwani na mbegu za maua
Msikilizaji, una mbegu kumi tu za maua, umepanda zote, zimeota tatu. Inauma. Leo tuongee juu ya mwani, ule wa baharini ambao akina mama wa Zanzibar wanalima. Ndani yake mna sukari nzito iitwayo karagini. Wataalamu huikata vipande vidogo sana, na mbegu ikilowekwa humo mara nyingi huamka upesi. Lakini mwani mkavu usiuloweke hivihivi na mbegu: una chumvi, na chumvi huzuia mbegu kunywa maji.

Huku kambini bahari iko mbali. Basi mbegu zenye ganda gumu, kama alizeti, ziloweke usiku mmoja kwenye maji safi, asubuhi uzipande kabla hazijakauka. Kikombe kimoja kinatosha, hata siku ambayo bomba halitoi.