Maji ya Magadi: Tuyafahamu Kabla ya Kuyanywa



Huku Bonde la Ufa, kikundi kikichimba kisima kirefu na maji yakatoka meupe, furaha huwa kubwa. Lakini baada ya siku chache watu huanza kuulizana: "Mbona maji haya yana magadi?" Chai inakuwa nyeusi, na ukioga ngozi inateleza. Je, maji hayo ni mabaya?

Kwanza tujue magadi yanatoka wapi. Maji ya mvua yakipenya ardhini huyeyusha mawe ya volkano polepole, na kubeba chumvi ziitwazo baikaboneti na kaboneti. Hizo ndizo alkali ya maji. Katika maziwa kama Magadi na Bogoria, maji hayana mto wa kuyatoa. Jua huyakausha, chumvi zinabaki.

Watu wengi huchanganya alkali na pH. Kipimo cha pH hutuonyesha maji yameelekea upande gani: 7 ni katikati, chini yake ni asidi. Kiasi cha alkali hutuonyesha maji yanaweza kustahimili asidi ngapi. Chukua glasi moja ya maji ya mvua na moja ya maji ya magadi, utie ndimu tone kwa tone. Ya mvua yatapata uchachu upesi. Ya magadi yatameza matone mengi kwanza.

Alkali kidogo ni nzuri. Maji yasiyo nayo hula mabomba ya chuma, na hata shabu tunayotumia kutuliza matope huihitaji ili ifanye kazi. Ikizidi, shida huanza. Dawa ya klorini hupungua nguvu pH ikipita 8, kwa hiyo ni lazima kungoja zaidi kabla ya kunywa. Na shamba likinyweshwa maji ya magadi kwa muda, udongo hushikamana na maji hayaingii.

Lakini hatari kubwa ni mwenzake magadi, yaani floraidi. Maji ya magadi mara nyingi yana chokaa kidogo, na chokaa ndiyo ingeizuia floraidi isizidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isipite miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na baada ya miaka mingi mifupa nayo huharibika. Usitegemee ulimi, kwani floraidi haina ladha wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi: maji hupungua, yenyewe inabaki.

Basi tufanye nini?

1. Kabla ya kununua pampu na tangi, tupeleke maji yakapimwe. Tusiulize viini peke yake. Tuulize pH, alkali na floraidi.

2. Floraidi ikizidi, maji ya mvua tuyaweke ya kunywa na kupikia, hasa kwa watoto wa chini ya miaka 8, kwa maana meno yao ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi. Ya kisima yawe ya kufua na kuosha.

3. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyopunguza floraidi. Mkaa huo huchoka, kwa hiyo maji yapimwe tena na mkaa ubadilishwe.

Gharama ya kupima ni ndogo ukilinganisha na ya kuchimba. Na jino likishaota na madoa, kubadilisha maji hakuwezi tena kuliponya.