Mmea Unaochanua Usiku Mmoja

Nyuma ya nyumba yetu Ruiru kuna nguzo zenye tairi kuukuu juu, na mmea wa kijani ukining'inia kama nyoka. Huo ni mdragoni, jamii ya mpungate, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati. Hauna majani ati! Shina lenyewe, la pembe tatu, ndilo hutengeneza chakula. Mizizi ya hewani hutoka ubavuni ikashika nguzo, mmea ukapanda.

Cucu alitaka kuung'oa. Maua yote yalianguka bila tunda, naye alitegemea kunilipia karo. Kumbe ua hilo jeupe, la sentimita 30 hivi, hufunguka usiku mmoja tu. Jua likiwaka, limenyauka. Kwao popo na nondo hubeba chavua. Tena aina nyingi zenye nyama nyekundu hukataa chavua yao wenyewe, na sisi tulikuwa na hiyo moja tu.

Mwenzangu wa Thika, ambaye kwao wana ile nyeupe ndani, akaniletea chavua shuleni kwa kikopo kikavu. Saa nne usiku nikashika tochi na brashi, nikapaka ua kwa ua, Cucu akinicheka. Baada ya siku arubaini hivi tulichuma matunda kumi na moja. Cucu ameacha kunoa panga.