Meli zinazunguka wapi?

Mwanzoni mwa mwaka 2024 nilikuwa sokoni Handeni mjini, mbele ya kijana mmoja anayeuza mitumba. Alikuwa na malalamiko. Balo alilozoea kununua Dar es Salaam lilikuwa limechelewa, na lilipofika likawa limepanda bei. Alipouliza kulikoni, akaambiwa meli zinazunguka.

"Zinazunguka wapi, kaka?" akaniuliza. "Bahari si ni moja?"

Ndugu msomaji, bahari ni moja, lakini njia ni mbili. Meli inayotoka Ulaya kuja kwetu inaweza kukata Misri kwa Mfereji wa Suez, au ikashuka Afrika Magharibi yote hadi Rasi ya Tumaini Jema, kisha ipande tena huku. Kabla ya mwaka 1869 njia ilikuwa hiyo ya pili tu.

Kibali cha kuchimba alipewa Mfaransa Ferdinand de Lesseps mwaka 1854 na Said Pasha, mtawala wa Misri. Kazi ilianza Aprili 1859, na Mfereji ukafunguliwa tarehe 17 Novemba 1869, ukiwa na urefu wa kilomita 164 hivi. Hauna milango ya kupandisha na kushusha meli kama ule wa Panama, kwa sababu maji ya Mediterania na ya Bahari ya Sham yanakaribia kulingana kimo.

Lakini nani alishika jembe? Miaka ya mwanzo walikuwa wakulima wa Misri, wakikusanywa kwa nguvu, kwa zamu, maelfu kila mwezi, mchanga wakiutoa kwa vikapu. Mashine za mvuke zilikuja baadaye, shokoa ilipokomeshwa. Rais Gamal Abdel Nasser, alipoutaifisha Mfereji Julai 1956, alisema Wamisri 120,000 walikufa. Wanahistoria wanabishana na hesabu hiyo hadi leo. Kwamba watu walikufa, hakuna anayebisha.

Siku ya pili nilikwenda Korogwe, na huko ndiko jambo hili linakotuhusu zaidi. Mfereji ulizipendelea meli za moshi. Jahazi kubwa la Ulaya lilisumbuliwa na pepo za Bahari ya Sham, meli ya moshi haikujali. Mwaka 1872 meli za barua za Waingereza zikaanza kufika Unguja kwa ratiba, na mwaka 1890 Wajerumani wakaanzisha kampuni yao ya meli za Afrika Mashariki. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge 1,000 kutoka Florida. Iliyopona ni 62. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga, na mwaka 1902 ikafika Korogwe.

Mkonge ni mzigo mwingi wenye bei ndogo, kwa hiyo nauli ndiyo roho yake. Majani yalipita kwenye korona, nyuzi zikakaushwa na kufungwa marobota. Garimoshi likayapeleka Tanga, matishali yakayafikisha kwenye meli, na meli ikaelekea Suez.

Ngombezi nilimkuta mzee aliyekuja zamani kutoka Songea akiwa manamba, mshahara wake ukihesabiwa kwa kipande cha siku 30. Nilimwamkia, nikamwuliza kama walijua mkonge unakokwenda.

"Tulijua Tanga, mwanangu," akasema. "Baada ya Tanga hatukuuliza."

Juni 1967, vita vya Waarabu na Israeli viliufunga Mfereji, na haukufunguliwa hadi tarehe 5 Juni 1975. Miaka minane marobota yetu yakapitia Rasi, na nauli ikapanda. Sisemi Mfereji ndio ulioua mkonge. Mwaka 1964 tulivuna tani 230,000 hivi, lakini kamba za plastiki zilikuwa zimekwisha kuanza kuiangusha bei. Ila mgonjwa ukimwongezea mzigo humsaidii.

Na balo la Handeni? Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama na kuuziba Mfereji siku sita. Hiyo ilipita. Lakini kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walishambulia meli katika Bahari ya Sham, na mwezi uliofuata kampuni kubwa zikaanza kupita Rasi. Safari ikirefuka, mafuta huongezeka, na kontena huchelewa kurudi kupakiwa tena, hata mwenye mzigo usiopita Suez akakosa kontena. Bima nayo ikapanda kwa waliothubutu kupita palepale.

Nilipopita tena Handeni nilimchorea yule kijana ramani kwa kijiti mavumbini. Akaukazia macho mstari mfupi niliouchora Misri.

"Haka ndiko kanakonipandishia bei?"

"Ndiko."

"Na ushuru wa kupita hapo anachukua nani?"

Nikamjibu kwamba tangu 1956 ni Misri. Akatafakari kidogo, kisha akainama kupanga mashati.