Baskile ya zamani, ordinatere mupya: kilo zetu zisipotelee njiani

Mutu anachimba, anabeba, anasafisha, anafunga mufuko. Kisha mufuko unapanda ku baskile, namba inatokea ku kioo kidogo, na ile namba ndiyo inageuka unga, minervali ya watoto na feza ya nyumba. Kwa mufamilia ya muchimbaji, hakuna namba ingine yenye uzito kuliko hiyo.

Lakini ku depo nyingi tunazopitia sisi wa sendika, huku Lualaba na Haut-Katanga, namba haiendi yenyewe mu ordinatere. Kuko mutu katikati. Anaangalia kioo, anaandika mu kaye, magaribi anachukua kaye na kuingiza namba mu ordinatere. Ni hapo katikati kilo zinapotelea. Kioo kinasema 41,6, kaye inasema 41. Si kitu, wanasema. Basi tufanye hesabu: gramu 600 mara mifuko 30 ni kilo 18. Ni karibu nusu ya mufuko, na hakuna mutu aliyeiba kwa macho ya watu.

Tukiuliza juu ya nini baskile haisemezani na ordinatere, jibu ni lilelile: "Baba delege, baskile ni ya zamani, ordinatere ni mupya, havipatane. Mungojee tununue ingine." Na kungojea kunamaliza mwaka. Leo tunataka kuonyesha kama vinapatana, tena kwa kifaa kidogo chenye kuingia mu mufuko wa shati.

Tundu la vijiti tisa

Zungukeni nyuma ya kile kisanduku cha kioo cha baskile. Mara nyingi mutakuta tundu lenye vijiti ao vitobo 9, mistari mbili: 5 juu, 4 chini, na skrubu mbili pembeni. Fundi wanaliita porti seri, ao RS-232. Hii kanuni ilitolewa Marekani mu mwaka 1960, na lile tundu la 9 lilienea kupitia ordinatere ya IBM ya mwaka 1984.

Namna yake ya kutumika ni nyepesi. Herufi na namba zinatoka moja-moja ku waya, sawa vile wachimbaji wanapita mu tuneli nyembamba, mumoja nyuma ya mwenzake. Juu ya wepesi huo, watengenezaji wa baskile hawakuiacha. Masini inaweza kufanya miaka makumi mu vumbi na jua, na porti yake inaendelea kusema kilo bila kuchoka.

Ordinatere ndizo ziligeuka. USB ilitokea mu mwaka 1996, na kidogo kidogo ordinatere za kubeba zikapoteza lile tundu la 9. Kwa hiyo baskile haikufa. Imepoteza tu mutu wa kuisikiliza.

Adapta ni mukalimani

Adapta ni kabli fupi: upande mumoja USB, upande mwingine tundu la 9. Ndani yake kuko chipu ndogo yenye kazi ya ukalimani. USB inatumika na volti 5. RS-232 inasema kwa volti kati ya 3 na 15, mara upande wa kujumlisha, mara upande wa kutoa. Ordinatere na baskile havisikilizane moja kwa moja, chipu inageuza luga. Kisha ordinatere inaamini kama iko na porti ya zamani, inaipa jina la COM na namba: COM3, COM4, na kuendelea.

Muangalie vizuri mukinunua. Kuko adapta zingine za bei chini, zenye waya ine-ine za rangi bila lile tundu la 9. Zile ni za kazi ya vifaa vidogo vya volti 3,3 ao 5. Mukiziunga ku RS-232 ya baskile, zinaweza kuungua. Muombe ile yenye kuandikwa RS-232.

Namna ya kuunganisha

Kwanza, mutafute karatasi ya baskile, ao muingie mu menyu yake, muandike vitu vitatu: mwendo, hesabu ya biti, na pariti. Nyingi zinatumika na mwendo wa 9600, biti 8, bila pariti. Zingine za zamani ziko ku 1200, 2400 ao 4800, na biti 7 na pariti ya shufwa. Pande mbili lazima ziwe sawasawa. Hapo ndipo watu wengi wanakwama, na wanasema adapta ni mubaya.

Pili, muingize adapta mu ordinatere. Kama ni Windows ya kifaransa, mufungue Gestionnaire de périphériques, mutafute Ports (COM et LPT). Muandike namba ya COM. Mukihamisha adapta ku tundu lingine la USB, ile namba inaweza kugeuka, na programu ya baskile inanyamaza. Basi muchague tundu moja, mulitie alama ya rangi, musilihamishe. Kama ordinatere inatumika na Linux, programu ya chipu nyingi iko tayari ndani, na porti inaitwa ttyUSB0.

Tatu, mufungue programu ya kusikiliza. PuTTY ni ya bure: muchague Serial, muandike namba ya COM na mwendo, na mambo ya biti na pariti. Muweke mufuko ku baskile. Baskile zingine zinatuma uzito bila kusimama, zingine zinangojea mutu abonyeze kifungo cha kuprinta. PuTTY inaweza pia kuweka kila mustari mu fishie. Ku mwendo wa 9600, herufi karibu 960 zinapita kwa sekunde moja, kwa hiyo hakuna mutu atasema kama ordinatere inachelewesha foleni.

Kama haisemi

Mukiona alama za ajabu-ajabu, waya ni nzuri, lakini mwendo ao pariti si sawa. Mujaribu mwendo mwingine.

Mukiona kioo cheupe bila kitu, muangalie kwanza namba ya COM. Kisha muangalie waya. Ku ordinatere, kijiti cha 2 kinasikiliza, cha 3 kinasema, cha 5 ni cha wote mbili. Kama baskile na ordinatere zote zinasema ku waya moja, hakuna mwenye kusikia mwingine, na lazima kabli yenye kupishanisha 2 na 3.

Kuko pia namna ya kupima adapta peke yake. Muitoe ku baskile, muunge kijiti cha 2 na cha 3 kwa kipande cha waya, kisha muandike herufi mu PuTTY. Kama zinarudi ku kioo, adapta ni muzima, na shida iko ku kabli, ku baskile ao ku mwendo. Hiyo inachukua dakika moja, na inazuia kutupa kifaa kizuri.

Chipu za uongo

Ku soko kuko chipu za kuiga. Chipu zenye kujulikana sana ni za FTDI ya Scotland, Prolific ya Taiwan, na CH340 ya China. Mu mwaka 2014, programu moja ya FTDI ilipita mu mise a juru ya Windows na kuzimisha chipu zilizoiga zake. Watu waliokuwa wamenunua bila kujua wakajikuta na kabli zilizokufa. Nayo Prolific, chipu zake za zamani na za kuiga zinakataliwa na programu mupya: ordinatere inaonyesha alama ya njano na kosa namba 10. Ushauri wetu: mujaribu adapta mbele ya kulipa, ku ordinatere ileile itakayotumika, na mukipata moja yenye kutumika, mununue ya pili muiweke mu kabati.

Urefu wa waya na radi

RS-232 si ya mbali. Tuseme metre 15, kisha inaanza kupoteza maneno. Kama baskile ya kamyo iko mbali na biro, kuko kanuni ingine, RS-485, yenye kufika metre 1200, lakini inaomba adapta yake yenyewe. Na huku kwetu, kuanzia mwezi wa 11 mupaka wa 3, radi haina mizaha. Waya ndefu inleta moto wa radi mupaka mu ordinatere. Kuko adapta zenye kutenganisha kurani ya pande mbili, ni za bei zaidi, lakini zinalinda. Na kama hamuna hiyo, mvua ikianza kunguruma, mutoe kabli.

Baskile mwongo inabaki mwongo

Tusidanganyane, wakamarade. Adapta inabeba namba vile iko. Kama baskile inapunguza kilo, ordinatere itaandika uwongo safi, na tike iliyoprintwa vizuri itakuwa uwongo mubaya zaidi, kwa sababu watu wanaheshimu karatasi ya masini. Kwa hiyo kila asubui, mbele ya mufuko wa kwanza, sahani iwe tupu na kioo kiseme 0. Kisha muweke kilo ya kupimia yenye kujulikana, kilo 20 kwa mufano, ku katikati na ku pembe ine. Namba ikigeuka-geuka, kazi isianze.

Tena fishie ya maandishi inaweza kugeuzwa na mutu mwenye vidole vyepesi. Kinga ni karatasi: tike iprintwe palepale, mbili kwa kila mufuko, moja ya muchimbaji, moja ya depo. Magaribi delege ahesabu jumla ya tike na jumla ya ordinatere. Zikiachana, watu wasilale bila jibu. Na teneri, ile ya metorex, ni vita ingine. Tutairudilia, lakini mutu ambaye hana kilo za hakika hata teneri nzuri haimusaidie.

Tunachoomba

Kwa wakubwa wa depo tunaomba vitu vine: adapta ya RS-232 ku kila baskile yenye porti, kioo cha pili chenye kuangalia upande wa muchimbaji, tike mbili, na ruhusa ya delege kusimama wakati wa kupima kilo ya asubui. Bei ya adapta na kabli ni kidogo sana kuliko ya baskile mupya, kwa hiyo "tunangojea kununua" si jibu tena.

Kwa mafamilia, mamama na vijana wenye kujua ordinatere: muulize tike, muzichunge mu mufuko wa nailo zisilowane, muzijumlishe nyumbani. Mutoto wa sekondari anaweza kufanya hesabu hiyo. Na juma hii, kila delege azunguke nyuma ya baskile ya depo yake, aangalie kama lile tundu la 9 liko, aandike jina la baskile na mwendo wake, alete karatasi ku mukutano. Tutaanza na depo zenye porti muzima.